Kwanta ya fikra haihusu elektroni za ubongo

Safari hii ni bango la semina hapa Dodoma, likizunguka kwenye kundi letu la wahitimu: "Amsha nguvu ya kwanta iliyo akilini mwako." Chini yake mtu kauliza, "Mwalimu, si ndiyo mambo unayofundisha?" Siyo. Kwanta ya fikra ninayoifundisha ni kutumia hesabu zilizobuniwa kwa fizikia ya chembe ndogo mno kueleza jinsi watu wanavyojibu maswali. Swali hili nimeletewa na wanafunzi, na majirani, hata na wasomi wenzangu ofisini. Bango linanikera kwa sababu linaiba jina la kazi ngumu ya watu makini na kuwauzia ahadi watu wenye shida.

Wapo wanasayansi waliodai kwamba ndani ya ubongo mna matukio ya kwanta. Roger Penrose na Stuart Hameroff waliyaweka kwenye mikrotubuli, yaani vijirija vidogo mno, za seli za neva. Mwaka 2000 Max Tegmark akakokotoa kwamba hali kama hizo, katika ubongo wenye joto na majimaji, hufutika ndani ya sehemu moja ya trilioni kumi ya sekunde au chini ya hapo. Hameroff na wenzake wakamjibu, na ubishi ukaendelea. Sisi wa kwanta ya fikra hatumo. Ubishi huo ukiisha kesho kwa upande wowote, hakuna hata mlinganyo mmoja wangu utakaobadilika.

Tunachoazima ni kanuni za uwezekano. Katika zile za kawaida, alizoziandika mwanahisabati Kolmogorov mwaka 1933, matukio ni seti, na "A kisha B" ina uzito uleule wa "B kisha A". Katika zile za kwanta, hali ya mtu ni vekta, yaani mshale wenye mwelekeo, jibu ni nafasi ndogo ndani ya nafasi ya Hilbert (uwanja wa kihisabati wa mishale hiyo), na kuuliza kwenyewe kunaisogeza vekta. Basi.

Kwenye maana za maneno Diederik Aerts wa Brussels amefika mbali. Chukua uyoga katika majaribio ya James Hampton ya 1988: hakuna aliyeukubali kuwa tunda, nusu waliukubali kuwa mboga, lakini ilipoulizwa kama ni "tunda au mboga", karibu wote walisema ndiyo. Sifuri na nusu hazijumlishwi zikazidi nusu. Aerts huziba pengo hilo kwa kipengele cha mwingiliano, yaani nyongeza inayotokana na maana mbili kuingiliana, kama wafanyavyo wanafizikia kwa mawimbi. Hesabu inakubali, lakini hainitoshi, maana kipengele chenyewe kinapangwa baada ya data kuonekana.

Kinachonishika mimi ni mpangilio wa maswali. Kila aliyewahi kubeba dodoso anaujua. Nenda Bahi mwezi wa nne, muulize mkulima kwanza kama mvua zilitosha, halafu kama ameridhika na maisha. Geuza mpangilio kwa jirani yake. Usitarajie majibu ya aina moja, kwa kuwa swali la kwanza limeshamwingiza mtu kwenye fikra fulani. Mfano unaotajwa sana ni wa Gallup, kampuni ya kura za maoni ya Marekani, Septemba 1997. Nusu ya wahojiwa waliulizwa kwanza kama Bill Clinton, rais wa wakati huo, ni mwaminifu, kisha Al Gore, makamu wake; nusu nyingine kinyume chake. Clinton alipata 50% alipotangulia na 57% alipofuata. Gore alishuka kutoka 68% hadi 60%.

Hapo mtu atasema hata takwimu za kawaida zinaeleza hayo, na ni kweli. Ukiruhusiwa kuongeza vigezo, utaeleza chochote. Ndiyo maana matokeo ya 2014 ya watafiti Zheng Wang, Jerome Busemeyer na wenzao yana uzito. Kanuni za kwanta zinadai kitu kisicho na kigezo hata kimoja cha kurekebisha: hata asilimia za "ndiyo" zikipanda na kushuka, jumla ya watu waliotoa majibu yanayopingana, yaani ndiyo kwa mmoja na hapana kwa mwingine, lazima ibaki ileile kwa mipangilio yote miwili. Haijalishi pembe kati ya vekta wala ukubwa wa nafasi. Kwa Clinton na Gore, ukiwaweka kando wasiojibu, ni takribani 22% huku na 22% kule. Walipima tafiti 70 za kitaifa, na usawa ukasimama karibu kila mahali. Hata pale ulipoanguka pana funzo: katika utafiti mmoja kuhusu wachezaji wa besiboli Pete Rose na Joe Jackson, kila swali lilitanguliwa na maelezo kuhusu mchezaji. Taarifa mpya ikiingia katikati, sharti la hesabu limevunjwa, na usawa haudaiwi tena.

Sasa mashaka, na si madogo. Mwaka 2016 Thomas Boyer-Kassem na wenzake walionyesha kwamba modeli nyepesi kuliko zote, ambapo kila jibu ni mwelekeo mmoja tu, zinakataliwa na data; inabidi nafasi ipanuliwe. Mwaka 2018 David Kellen na wenzake wakaupata usawa uleule kwa uwezekano wa kawaida. Na lipo linaloninyima usingizi, lililoibuliwa na Andrei Khrennikov na wenzake 2014. Muulize mtu kuhusu Clinton, kisha Gore, kisha Clinton tena. Atarudia jibu lake la kwanza. Modeli yetu ya msingi inasema swali la Gore limeshamsogeza, kwa hiyo jibu la tatu lingeweza kubadilika. Kiraka kipo: Khrennikov na Masanao Ozawa wametumia aina pana zaidi ya vipimo, na hesabu inakaa sawa. Lakini mtu anayerudia jibu anaweza kuwa anakumbuka tu alichosema, au anaona aibu kujipinga mbele ya mdodosaji, na sioni kwa nini kumbukumbu na aibu zihitaji nafasi ya Hilbert.

Kwa hiyo mwenye data ya dodoso la Kiswahili ambalo sampuli iligawanywa kwa mipangilio miwili, na swali la kwanza likarudiwa mwishoni, anitafute. Mambo ya semina sina.