Hispania Haikuwa na Sahara ya Kugawa

Hoja imerudi tena, safari hii kutoka kwa mtu aliyesomea sheria: Hispania ilitia saini Madrid mwaka 1975, ikawakabidhi Moroko na Mauritania koloni lake la Sahara Magharibi, basi, mjadala umefungwa. Swali langu ni moja tu: aliyetoa alikuwa na nini cha kutoa?

Hakuwa nacho. Ibara ya 73 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inamfanya mtawala wa koloni kuwa mshika amana, na maslahi ya wenyeji hutangulia. Mlezi wa yatima hamuuzii jirani shamba la yatima, hata wakiandikiana mbele ya wakili. (Wasahrawi, wenyeji wa Sahara Magharibi, si watoto, najua. Ila shamba ni lao.) Maazimio 1514 na 1541 ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa ya mwaka 1960, kuhusu uhuru wa makoloni, mnayajua. Kuungana na nchi nyingine kunaruhusiwa, mradi watu wenyewe wamekubali kwa hiari, wakijua wanachokikubali.

Sasa angalieni mfuatano. Mwaka 1974 Hispania ilifanya sensa, ikahesabu Wasahrawi 73,497, wakati ikizungumzia kura ya maoni. Tarehe 16 Oktoba 1975 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ile ya The Hague, ikasema baadhi ya makabila yalikuwa na mafungamano ya utii kwa sultani wa Moroko, lakini hayo hayakuwa umiliki wa ardhi, wala hayakuondoa haki ya watu kujiamulia. Haukupita mwezi, 14 Novemba, kalamu zikatoka Madrid. Watu walishahesabiwa, kura haikupigwa. Februari 1976 Hispania ikaondoka na kumwandikia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kwamba haina tena jukumu lolote.

Barua hiyo ndiyo inayonichemsha damu, maana watu huisoma kama risiti. Tangu lini mdaiwa akajisamehe deni kwa maandishi yake mwenyewe? Mwaka 2002 Hans Corell, mwanasheria mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliandika wazi kwamba makubaliano ya Madrid hayakuhamisha mamlaka juu ya ardhi ile, na hata hadhi ya kuwa mtawala Hispania isingeweza kuihamisha peke yake.

Ureno nayo iliikimbia Timor ya Mashariki, koloni lake, mwaka 1975, Indonesia ikaivamia; sina la kuisifu. Lakini haikudai imemaliza kazi. Mwaka 1991 iliishtaki Australia kwa mkataba wake na Indonesia kuhusu mafuta ya bahari ya Timor. Kesi ilikwama 1995 kwa kuwa Indonesia haikuwa mahakamani, ila majaji walitamka kwamba haki ya kujiamulia inazibana nchi zote. Makubaliano ya kura ya Watimor ya 1999 yalibeba saini ya Ureno.

Panaponisumbua ni kwingine. Ifni, koloni dogo la Hispania kwenye pwani ya Moroko, ilirudishwa kwa Moroko mwaka 1969 bila kura. Hong Kong iliondolewa kwenye orodha ya makoloni ya Umoja wa Mataifa mwaka 1972, na wakazi wake hawakuulizwa. Mahakama yenyewe, katika maoni yale ya 1975, ilikiri kwamba Baraza Kuu wakati mwingine halikulazimisha wenyeji waulizwe. Mstari kati ya pale wenyeji lazima waulizwe na pale si lazima unapita wapi hasa? Sina jibu ninaloweza kulitetea bila kutoa jasho.

Kwa Sahara, hata hivyo, mstari hauna utata. Oktoba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mikataba ya biashara na uvuvi na Moroko haiwezi kuigusa Sahara bila ridhaa ya watu wake, na kwamba matikiti na nyanya za huko zisiuzwe Ulaya zikiwa zimeandikwa zimetoka Moroko.