Sufu ya blanketi lako nayo imekufa

Juzi tena, kwenye Bonde la Teleki, Mlima Kenya, nimemkuta kijana akichuna majani makavu ya senesio, ule mmea mkubwa wa mlimani wenye shina kama mti, ili awashe moto. Kumuuliza, akanijibu bila wasiwasi: "Si yameshakufa, daktari?"

Yamekufa, ndiyo. Sufu ya blanketi lako nayo imekufa, mbona huichomi?

Mikanda ya uoto, kuanzia msitu hadi mianzi hadi nyasi za juu, naipita. Picha zimejaa kila mahali. Tuanzie mita 4,000 na ushei, karibu kabisa na ikweta. Olov Hedberg, Mswidi aliyeichunguza sana mimea ya milima yetu, alisema huku kila siku ni kiangazi na kila usiku ni majira ya baridi.

Basi watu wakisikia hivyo hudhani adui wa mmea ni usiku. Hapana jamani, ni asubuhi! Majani mabichi ya Dendrosenecio keniodendron, senesio hiyo hiyo ya yule kijana, huvumilia kuganda. Usiku yanakakamaa kama kadibodi, jua likitoka yanalegea, maisha yanaendelea. Kasheshe ni kwamba jua likishalipiga jani, jani linaanza kupoteza maji papo hapo na kudai mengine kutoka chini. Shina likiwa limeganda, yatapandaje? Jani linanyauka kwa kiu na mizizi iko kwenye udongo chepechepe. Hayo majani makavu yaliyolizunguka shina ndiyo yanayolikinga lisigande. Wewe unayavua, unaacha shina tupu kama kuku aliyenyonyolewa.

Siapi kwamba kila uliovuliwa hufa. Nimeona vipara kadhaa vikiendelea kuishi, na vinaniharibia hotuba yangu. Umri nao ni hivyo hivyo. Hakuna misimu ya kuacha pete za kuaminika ndani ya shina, kwa hiyo tunahesabu panda, maana shina likichanua hugawanyika, kisha tunakisia ilipita miaka mingapi kati ya kuchanua mara moja na nyingine. Mtu akinitajia umri kamili wa mmea mmoja, nacheka.

Halafu kuna wanaoita lobelia, mmea mwingine wa huku juu, "kaktasi". Kaktasi gani hiyo yenye bwawa? Nenda alfajiri kwenye lobelia ya mabondeni, ile fupi inayoshika maji katikati ya majani yake. Juu utakuta kibamba cha barafu. Kivunje kwa kidole: chini yake maji hayajaganda, na ndani ya maji hayo chipukizi liko salama. Lobelia telekii, ya miteremko mikavu, haina bwawa. Yenyewe huvaa manyoya, huchanua mara moja tu, ikafa.

Yule kijana nilimwambia aingize mkono kwenye majani makavu ya senesio ya pili, ambayo hajaigusa. Kwa nje yalikuwa na umande ulioganda. Aliufikisha mkono hadi kwenye shina, akautuliza humo, na hakuwa na haraka ya kuutoa.