Uuguzi wa Kichina kwa mgonjwa aliyepasuliwa kansa ya kibofu, maana yake nini hasa?

Ukitaja dawa ya Kichina watu wengi wanawaza vile vichupa vya mtaani au sindano zimejaa mgongoni, kwahiyo ukitaja uuguzi wa Kichina kwa mgonjwa wa kansa mtu anajua moja kwa moja hao wamekimbia kisu wanakunywa mizizi. Kumbe kule China hospitali kibao unakuta daktari wa upasuaji wa kisasa na nesi aliyesomea mbinu za asili wako wodi moja. Kansa inatolewa kwa upasuaji kama kawaida, halafu huyu nesi anahangaika na yale yanayobaki: tumbo limegoma, usingizi hauji, mkojo hautoki, mtu anaogopa. Wenyewe wanaita zhongyi huli.

Kansa yenyewe, uvimbe ukiwa bado juujuu daktari anapitisha kifaa kwenye njia ya mkojo anaukata kwa kitanzi cha umeme, hamna mshono nje. Ukishazama kwenye msuli, mara nyingi kibofu chote kinatolewa, na njia mojawapo ni kuchukua kipande cha utumbo mwembamba kama sm 15 hivi kikawa mfereji wa kupitishia mkojo, unatokea tundu la tumboni unaingia kwenye mfuko. Shida za hawa wawili hazifanani hata kidogo.

Wa kwanza anasumbuliwa na mpira wa mkojo. Anahisi amebanwa muda wote wakati kibofu kinajimwaga chenyewe, na usiku halali. Hapo nesi, akishamaliza kazi za kawaida za kucheki mpira na rangi ya maji yanayosafisha kibofu, anaweza kumbandikia mbegu sikioni. Ndio, sikioni. Ni vimbegu vyeusi kama punje ya ulezi, kila kimoja kwenye kiplasta kidogo, vinabandikwa sehemu ambazo kwa elimu yao zinahusiana na kibofu, figo na utulivu, halafu mgonjwa anavibonya mwenyewe mara kadhaa kwa siku mpaka sikio lipate joto. Mbegu inaitwa wangbuliuxing, na Wachina wanalielezea hilo jina kwamba hata mfalme akiamuru isimame haisimami, inatembea tu. Mi jina nimelipenda sana kwa kweli.

Wa pili yeye kimbembe ni utumbo. Ukishakatwa na kushikwashikwa unalala, tumbo linajaa, na wodi nzima inasubiri jambo moja: ametoa hewa au bado? Hapa wana mfuko wa kitambaa wenye chumvi ya mawe na tunda kavu la wuzhuyu, unapashwa moto, nesi anaujaribu kwanza kwenye mkono wake mwenyewe kwa ndani, ndo anauweka tumboni mbali na mshono. Pia anabonya kituo wanachokiita zusanli, kipo vidole vinne chini ya kifuniko cha goti, upana wa kidole kimoja nje ya mfupa wa muundi. Na wakati huohuo mgonjwa anainuliwa kitandani atembee, hilo halina Uchina wala Uzungu.

Sasa kiini cha dhana, ambacho watu wanakiruka, ni bianzheng shihu, yaani unauguza kufuatana na hali ya mtu, jina la ugonjwa peke yake halitoshi. Chukua wawili wametolewa mpira na mkojo umegoma. Mmoja ulimi umepauka, miguu baridi, hana nguvu, huyo anafukizwa moto wa majani ya ai, ndugu wa pakanga yetu, chini ya kitovu. Mwenzie ulimi mwekundu una utando wa njano, mkojo unamchoma, huyo wanasema ana joto tayari, ukimuongezea moto umemkosea. Na yule ambaye ganzi ya mgongo haijaisha hawekewi moto kabisa maana ataungua asijue. Hata woga una nafasi yake humo, kwao hofu inaumiza figo, na figo na kibofu ni pacha, kwahiyo kukaa na mgonjwa ukamsikiliza kunahesabiwa ni sehemu ya tiba.

Je inafanya kazi? Inategemea unauliza nini. Kubonya neiguan, pale vidole vitatu juu ya kifundo cha mkono kwa ndani, kumepimwa sana na kunapunguza kichefuchefu baada ya nusu kaputi. Mengine tafiti zake nyingi ni ndogo, na ni ngumu kumficha mtu kama amefukizwa au la. Kansa yenyewe haiondoki kwa mbegu ya sikioni, wala dawa ya BCG, ile inayomiminwa ndani ya kibofu kwa mpira ili kansa isirudi, na vipimo vya kila baada ya miezi kadhaa haviachwi.

Dawa za kunywa ndo kesi nyingine kabisa. Mzizi wa danggui kwa mfano unaweza kuchochea damu kutoka ukichanganya na dawa za kuzuia damu kuganda. Halafu kuna guan mutong, mmea wa kutambaa uliotumika miaka na miaka kufungulia mkojo, ikaja kujulikana una asidi ya aristolokia inayoua figo na kuleta kansa kwenye njia hiyohiyo ya mkojo, China wakaipiga marufuku 2003. Kwahiyo kabla ya mbegu na mifuko ya chumvi, swali la kwanza kwa mgonjwa ni nyumbani ulikuwa unakunywa nini, na ndugu zake wanaulizwa pia, pembeni, maana wagonjwa wanaficha.