Mistari ya barabarani: yasemwayo vijiweni na ukweli wake

"Mbele kweupe, napita." Kauli hii ndiyo inayowavusha madereva wengi mstari usiokatika, kwenye mlima wa Kitonga kule Iringa na kwingineko. Lakini mstari ule haukuchorwa kwa sababu ya magari unayoyaona. Wahandisi hupima jicho la dereva wa gari dogo linafika wapi. Pale kona au kilele cha mlima kinapolizuia, ndipo wanapochora mstari mzima.

Piga hesabu. Unalipita semitrela ukiwa na kilomita 80 kwa saa, na anayekuja naye ana 80. Kila sekunde mnakaribiana kwa takribani mita 44. Ukikaa upande wake sekunde 10 tu, mmekwisha kula mita zaidi ya 440. Kwenye kona, nani anaona mita 440? Madereva wa mabasi hujitetea kwamba wao wameketi juu. Sawa, kilimani huenda kukasaidia kidogo. Kwenye kona yenye kichaka hakusaidii chochote.

"Nilianza kupita kabla ya mstari mzima." Trafiki wameusikia sana utetezi huu, nao haufai. Unatakiwa uwe umesharudi kushoto kabla mstari huo haujaanza. Ndiyo maana mara nyingi, ukikaribia eneo la hatari, vipande vya mstari uliokatika hurefuka na nafasi kati yake hufupika. Hilo ni onyo la kumaliza ulichoanza, au kutoanza kabisa.

"Mistari ikiwa miwili, hakuna kupita." Ni kweli ikiwa yote ni mizima. Ukikuta mmoja mzima na mwingine umekatika, fuata ulio upande wako. Wako ukiwa umekatika unaweza kupita kukiwa salama. Anayekuja mbele yako ndiye aliyekatazwa.

Wapo pia wanaodhani mstari uliokatika ni ruhusa ya moja kwa moja. Hapana, hapo umeachiwa uamuzi tu, na aliye nyuma yako aliyekwishawasha indiketa bado ni wa kumwangalia.

"Rangi imefutika, kwa hiyo hakuna katazo." Matairi na mchanga hufuta rangi, ila kona haifutiki. Tafuta kibao cha duara jekundu chenye magari mawili.

Halafu kuna kutanua, yaani kuipita foleni kwa kuendesha pembeni ya barabara. Foleni ikizidi, mstari wa pembeni unageuzwa pambo. Mstari ule unaonyesha mwisho wa njia ya magari: nje yake ni kwa waenda kwa miguu, baiskeli na gari lililoharibika. Usiku ndiyo balaa, maana wengi utakaowakuta huko hawana taa ya nyuma.

Na zebra? Wengi huamini kwamba leni yao ikiwa wazi wanaweza kupita, hata kama gari la leni ya pili limesimama. Mara nyingi gari hilo limempisha mtoto usiyemwona, kwa sababu lenyewe ndilo linalomficha. Simama nawe.