Eti Uraia ni wa kukariri tu

Mzazi mwengine tena kamwambia mwanawe, mbele yangu, kwamba Uraia usimshughulishe, ataupitia wiki ya mwisho kabla ya mtihani. "Si wa kukariri tu, Mwalimu?" Nimechoka kulisikia hili.

Mihimili ya dola, alama za taifa, sifa za raia mwema: haya, kariri, hayana tabu. Lakini chukua mambo ya Muungano, yaani yale yaliyo chini ya Serikali ya Muungano kwa Bara na Zanzibar pia. Mwaka 1964 yalikuwa 11. Leo Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977 inayo 22, na watoto wa Kidato cha Nne wanayaghani kama kasida. Ukiwauliza: polisi wa hapa Chake, Pemba, na askari wa KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, wako chini ya serikali moja? Kimya. Polisi ni Muungano, KMKM ni SMZ, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Wala hawajastuka kwamba skuli yao iko chini ya wizara ya Zanzibar, ilhali Baraza la Mitihani ni jambo la Muungano.

Linalonikera zaidi ni lile la Zanzibar kuwa nchi. Kila mtu analo jibu la barazani, na kila mtu anapiga kelele. Katiba ya Zanzibar, tangu mabadiliko ya 10 ya mwaka 2010, inasema Zanzibar ni nchi, tena miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Ibara ya 1 ya Katiba ya Muungano inasema Tanzania ni nchi moja. Zote mbili zinatumika, leo hii. Na nyuma yake ipo kesi ya Machano Khamis Ali na wenzake: mwaka 2000 Mahkama ya Rufani ilisema Zanzibar si dola, kwa hiyo hakuna kosa la uhaini dhidi ya serikali yake. Washitakiwa walikuwa watu wa CUF, chama cha upinzani wakati ule, na hoja hiyo iliwafaa wao! Wanaoilaani hukumu ile kwa uchungu mara nyingi hili hawalijui. Sasa kariri hapo utoke.

Kwenye mtihani basi waandike lipi? Mimi huwaambia wataje katiba zote mbili, na ibara zake. Sina hakika kila msahihishaji ana subira ya jibu refu hivyo. Na swali likija la kuchagua herufi moja, hata mimi huwa sina la kuwaambia.