Mpini wa kisu cha mfukoni: kopa au brasi, kwa anayeishi karibu na bahari

Kiswahili kinatuchanganya tangu mwanzo, maana shaba ni shaba tu. Sufuria la shaba, dele la kahawa la shaba, misumari ya shaba kwenye mlango wa Zanzibar: kwa jina peke yake huwezi kujua ni ipi. Wauza vyuma chakavu wametatua jambo hilo kwa kukopa maneno. Nyekundu ni kopa, ya manjano ni brasi, nami nitawafuata. Kopa ni shaba tupu, asilimia 99.9 ikiwa imetoka kwenye mabamba ya umeme. Brasi ni shaba iliyoyeyushwa pamoja na zinki: ya bamba mara nyingi ni 70 kwa 30, na ile ya fito za kukereza ni kama 60 kwa 40, ikitiwa madini ya risasi kidogo, asilimia 2 au 3, ili ikatike vizuri.

Wengi huanza na uzito, kumbe uzito ndio usioamua kitu. Chukua mabamba mawili ya mpini, kila moja milimita 100 kwa 22, unene 3. Jozi ya kopa ina gramu 118, ya brasi 112. Gramu sita hazihisiki mfukoni. Jozi hiyo hiyo kwa alumini ingekuwa gramu 36, kwa hiyo anayeona kisu ni kizito ana ugomvi na shaba zote mbili. Dawa yake ni kushuka hadi unene wa milimita 2, au kuchimba upande wa ndani wa bamba.

Kinachoamua hapa Mombasa ni chumvi. Kuanzia Likoni hadi Nyali hewa imeibeba, na kiganja chenyewe kinatoa jasho la chumvi mwaka mzima. Bara, mpini wa kopa huwa wa kahawia, kisha ukaiva rangi ya kahawa iliyokaangwa, na wapo wanaoinunua kopa kwa ajili ya rangi hiyo. Pwani chumvi huingilia kati. Chini ya tabaka hilo la kahawia hujengeka kloraidi ya shaba, ambayo ikipata unyevu hugeuka unga wa kijani na kuendelea kula chini kwa chini. Utauona kwanza pale jasho linapotuama: kando ya vichwa vya skurubu, ndani ya mikwaruzo, chini ya klipu. Utauona pia kwenye mfuko wa kanzu nyeupe, na hapo mfuaji atakuwa na la kusema.

Brasi huchelewa kubadilika, nayo huanza kwa kufifia kabla ya kuwa kijani. Lakini ina maradhi yake. Zinki ikizidi asilimia 15 hivi, maji ya chumvi huinyofoa na kuiacha shaba peke yake, yenye vitundu vidogo na isiyo na nguvu. Dalili yake ni mabaka ya rangi ya waridi kwenye uso wa manjano. Kisu kinachokaa mfukoni kitapata mabaka ya juu juu tu, ya kuondoa kwa msasa. Kinachosahaulika ndani ya mashua, kwenye maji ya chini ya mbao, hupata mabaka ya kina.

Jambo jingine la brasi ni amonia. Waingereza waliligundua India karne ya 19, pale maganda ya risasi za bunduki yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi yalipopasuka yenyewe msimu wa mvua. Mkojo ulitoa amonia, na brasi iliyokunjwa ikiwa baridi bado ilikuwa na mkazo ndani yake. Kwa hiyo ukiupinda mpini wa brasi ufuate kiganja, upashe moto nyuzi 250 hadi 300 za selsiasi kwa saa moja kabla ya kuufunga, na usiufute kwa dawa ya vioo yenye amonia.

Hayo yote bado ni ya uso. Kisu hufa pale shaba inapokutana na chuma. Metali mbili tofauti zikiguswa na maji ya chumvi huwa betri, na kati ya chuma cha kaboni na shaba, kinacholiwa ni chuma. Kopa hukila kidogo zaidi kuliko brasi, lakini tofauti hiyo ni ndogo. Kubwa ni eneo. Skurubu ndogo nyeusi iliyozungukwa na bamba pana la shaba huliwa upesi, kwa sababu ulaji wote unaielekea yeye peke yake. Utafikiri skurubu zilikuwa mbovu, hazikuwa. Tumia skurubu za stenlesi ya daraja la A4, zile za maduka ya vifaa vya boti. Kengee, yaani bapa linalokata, ikiwa ya chuma cha kaboni, weka washa za nailoni kati yake na mpini, na tone moja la mafuta ya cherehani kwenye pini ya katikati kila wiki. Mafuta ya nazi usiyatie. Yakichacha hutoa asidi inayoshikana na shaba, nawe utapata utomvu wa kijani unaokwamisha kufungua.

Sasa kazi yenyewe, ambako kopa na brasi huachana kabisa. Kopa ni laini na hunata: tupa hujaa vumbi lake na kuanza kuchana badala ya kukata. Sugua chaki kwenye tupa kwanza, na msasa uutumie na maji. Kwenye kutoboa, tia mafuta, toa keekee mara kwa mara, vinginevyo tundu litatoka kubwa na lenye kingo zilizovimba. Brasi ni kinyume. Hukatika kwa chembe kavu, bila mafuta, lakini keekee yenye ncha kali huidaka na kujivuta ndani ghafla. Bamba lisipobanwa kwenye jiliwa litazunguka na vidole vyako. Kabla ya kutoboa brasi, pitisha jiwe la kunolea mara mbili tatu kwenye ukingo unaokata, ili uparue badala ya kuchimba.

Kwa skurubu ya M3, yaani ya kipenyo cha milimita 3, toboa milimita 2.5, kisha kata hesi, yale meno ya ndani ya tundu. Katika brasi ya unene wa milimita 3, hesi hiyo itafunguliwa na kufungwa mara nyingi bila kulegea. Katika kopa, ukikaza kidogo tu kupita kiasi, meno yanatoka na skurubu. Ndiyo sababu mpini wa kopa nashauri ufungwe kwa skurubu inayopita hadi upande wa pili na kushikwa na nati, au kwa ribiti. Wala usitarajie shaba ya aina yoyote kufanya kazi ya kifungio: ulimi wa springi inayozuia kengee isijifunge uwe wa chuma, shaba ibaki nje.

Malizia kwa msasa 240, 400, kisha 800. Kuendelea hadi 1200 ni kupoteza jioni, kwani funguo zitakwaruza siku hiyo hiyo. Vanishi pia siipendi: ikibanduka kidogo tu, chumvi hupenya na kutambaa chini yake. Nta ya nyuki iliyopakwa mpini ukiwa na joto inatosha, kila baada ya wiki tatu.

Kuna desturi ya kusafisha kwa ndimu na chumvi. Inang'arisha kweli, lakini chumvi inayobaki kwenye mianya ndiyo mbegu ya kijani cha mwezi ujao. Ukwaju peke yake unatosha: dakika moja, suuza, pitisha magadi soda, suuza tena. Kwa maji matamu, si ya kisima cha chumvi. Na ufungue skurubu kwanza, maana chuma kikiwa ndani ya asidi hiyo pamoja na shaba, shaba iliyoyeyuka hurudi na kuganda juu yake, na utashangaa kengee yako imekuwa nyekundu.

Kwa kisu cha kazi, cha kukata kamba na kumenya embe mbichi, ningechukua brasi ya 70 kwa 30. Kopa ni ya mwenye kengee ya stenlesi na subira ya kufuta, na mkono usiotoka jasho sana. Harufu haitofautishi: ile ya viganjani ni mafuta ya ngozi yanayovunjika yakigusa metali, na zote mbili huifanya. Nawa tu kabla ya kula, hasa kwa brasi yenye risasi.

Ukienda kununua kipande, beba sumaku na tupa ndogo. Sumaku ikishika, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Isiposhika, paruza ukingoni: ukiona kijivu chini ya manjano, hiyo ni zinki ya kumimina iliyopakwa juu, kama bawaba nyingi za bei nafuu, na hesi haitakaa. Kopa iliyotoka kwenye nyaya idai risiti. Biashara ya vyuma chakavu inataka leseni chini ya sheria ya mwaka 2015, na Januari 2022 serikali iliisimamisha kwa muda kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu ya umeme.