Guru na shishya: maana yake ni zaidi ya mwalimu na mwanafunzi

Siku hizi neno guru limekuwa jepesi midomoni. Anayetoa ushauri wa biashara mtandaoni ni guru, anayefundisha mazoezi ya viungo ni guru. Kwa maana hiyo Kiswahili kina neno lake zuri, gwiji, wala hatuna haja ya kuazima. Guru wa Wahindu ni mtu wa namna nyingine kabisa, na sipendi kuona maana yake ikipotea, maana ndani yake mna fikra nzito kuhusu mtu kumlea mwenzake kiroho.

Nimesema nzito kwa makusudi. Katika Kisanskriti, guru kwanza ni sifa, na maana yake ni zito. Sayari kubwa tunayoiita Mshtarii, Wahindi huiita pia Guru, na Alhamisi kwa Kihindi ni Guruvar, siku ya Guru. Waumini wana maelezo yao mengine: gu ni giza, ru ni chenye kuliondoa. Wanaisimu hawalichambui neno hivyo, lakini maelezo hayo yanaonyesha waumini wanatarajia nini kwa mtu huyo.

Anayefundishwa huitwa shishya. Kwa Kiswahili naona mwanagenzi linamkaribia kuliko mwanafunzi, kwa sababu mwanagenzi hukaa na fundi wake, humtumikia, na hujifunza kwa kumtazama anavyoishi. Mundaka Upanishad, maandiko ya kale ya Kihindu, yanasema anayetaka kuijua kweli amwendee guru akiwa na kuni mkononi. Kuni hizo ni za moto wa ibada nyumbani kwa mwalimu, na kuzibeba ni kusema: nimekuja kutumika. Maandiko hayohayo yanamwekea guru masharti mawili: awe ameyabobea maandiko, na awe amezama katika Brahman, yaani ile kweli ya mwisho. Elimu peke yake haitoshi.

Msomaji wa pwani anayezijua tarika, yaani njia za Kisufi katika Uislamu, hatapotea hapa. Sheikh na muridi wake, yaani mfuasi anayemlea, wana uhusiano unaofanana na huu, na silsila yao ina mwenzake upande wa Wahindu: parampara, mnyororo wa walimu waliopokezana, kila mmoja akiwa shishya kabla ya kuwa guru. Shishya huingizwa katika mnyororo huo kwa diksha, ibada ya kumpokea rasmi. Mara nyingi guru humpa mantra, maneno machache ya kurudiarudia katika ibada. Dini ni mbali mbali, na sitaki kuzichanganya.

Dhana hii huonekana vizuri zaidi kwa watu wenyewe. Chukua Ramakrishna, aliyezaliwa mwaka 1836 katika kijiji cha Kamarpukur, Bengal. Alikuwa kuhani wa hekalu la mungu wa kike Kali huko Dakshineswar, kando ya mto Hugli, kaskazini ya Calcutta. Hekalu hilo lilijengwa na mjane tajiri, Rani Rashmoni, likafunguliwa mwaka 1855. Leo Ramakrishna anajulikana kama guru mkubwa, lakini kwanza alikaa miguuni pa wengine. Mmoja wa walimu wake alikuwa mwanamke, mtawa aliyekuwa akisafiri, aitwaye Bhairavi Brahmani. Baadaye akaja Totapuri, mtawa asiyevaa nguo, wa mkondo wa Advaita unaofundisha kwamba nafsi na Brahman ni kitu kimoja.

Totapuri alimtaka aondoe kila umbo akilini. Ramakrishna alijaribu, lakini kila alipofumba macho sura ya Kali, Mama aliyempenda kuliko kitu chochote, ilimjia. Akasema haiwezekani. Wanasimulia kwamba Totapuri alitupa macho huku na huku, akaokota kipande cha kioo sakafuni, akamkandamiza nacho katikati ya nyusi, akamwamuru aikaze akili pale pale. Safari hii lile umbo likaondoka, na Ramakrishna akabaki siku tatu amezama, hana habari na mwili. Totapuri, ambaye ilimchukua miaka arobaini kufika hapo, alistaajabu. Desturi yake ilikuwa kutokaa mahali zaidi ya siku tatu. Dakshineswar alikaa miezi kumi na mmoja.

Mwaka 1881 akaja kijana wa Calcutta, Narendranath Datta, msomi wa chuo, mbishi, asiyekubali jambo kwa kuambiwa tu. Alimuuliza Ramakrishna kama amemwona Mungu. Akajibiwa kwamba ndiyo, anamwona kama anavyomwona yeye pale mbele yake, tena waziwazi zaidi. Narendra hakuanguka miguuni. Aliendelea kumpima kwa miaka.

Watu husema Ramakrishna hakuweza kuvumilia kugusa fedha. Basi siku moja alipokuwa hayupo, Narendra alificha sarafu ya rupia chini ya godoro lake. Ramakrishna alirudi, akakaa kitandani, akaruka kama aliyechomwa. Godoro likafunuliwa, sarafu ikaonekana. Hakukasirika. Alimwambia kijana ampime vivyo hivyo, kama wabadili fedha wanavyozipima sarafu. Hapa ndipo wengi huikosea dhana yetu. Hudhani shishya ni mtu aliyezima akili. Utii upo, na ni mkubwa, lakini huja baada ya kupima, na guru wa kweli haogopi kupimwa. Anayekataza maswali, na hasa anayetaka mali au miili ya wafuasi wake, hana ule uzito wa jina.

Mwaka 1884 baba yake Narendra alifariki, na familia ikaangukia dhiki. Narendra akamsihi mwalimu wake awaombee kwa Kali wapate riziki. Ramakrishna akamwambia aende akaombe mwenyewe. Aliingia hekaluni, akasimama mbele ya sanamu, akajikuta anaomba hekima na imani, fedha ameisahau. Akarudishwa. Mara tatu aliingia, mara tatu akashindwa kutaja fedha. Mwishoni Ramakrishna alimuahidi kwamba nyumbani kwao hawatakosa chakula cha kawaida na nguo za kawaida. Zaidi ya hapo hakuahidi.

Ramakrishna alifariki tarehe 16 Agosti 1886 huko Cossipore kwa saratani ya koo, akiuguzwa na vijana wake. Narendra ndiye aliyekuja kuitwa Swami Vivekananda, akahutubia mkutano wa dini mjini Chicago mwaka 1893, na mwaka 1897 akaanzisha shirika la Ramakrishna Mission. Kabla ya kuvuka bahari kwenda Marekani aliandika barua kumwomba baraka Sarada Devi, mjane wa mwalimu wake. Mama huyo hakuwa na elimu kubwa ya shuleni. Alipika, alihudumia wageni, na hadi karibu na kifo chake mwaka 1920 alikuwa akiwapa diksha watu waliomwendea, kwa kuwa sasa mnyororo ulikuwa umefika mikononi mwake.